Wati Themanini za Kuze

Jumatatu, 3 Februari

Siku kubwa! Mzee Badruddin ameingia karakanani kwangu saa nne asubuhi, na si kwa kupotea njia. Amenijia mimi. Mtaa mzima wa Kuze umejua, maana nilimkaribisha kwa sauti.

Mzee anamalizia ukumbi wa harusi. Anataka paneli thelathini za mbao zilizotobolewa nakshi, za kuzunguka jukwaa la bibi harusi. Ziwe tayari kabla ya Ramadhani, kwa sababu harusi za Shaaban hazimsubiri fundi. Kazi hiyo hukatwa kwa leza. Mafundi wa leza aliowasikia yeye hapa kisiwani ni wawili: mimi, na Juzer wa Ganjoni.

Mashine yangu ina wati themanini. Ya Juzer ina sitini. Hesabu ya mtoto wa chekechea. Na kibao changu mlangoni kinasema hivyo kwa herufi nyekundu: LEZA YA FARAJ, WATI 80.

Tatizo ni kwamba Mzee haamini vibao. Kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa mizani. Miaka thelathini amezunguka madukani akipekua mizani za watu, na mpaka leo akinunua nusu kilo ya tende huinama kuchungulia chini ya sahani. Anasema ukumbi wake wa kwanza uliharibiwa na fundi aliyejisifia nguvu za mashine. Paneli zikatoka nusu zimekatwa, nusu zimeungua, na bibi harusi akakalishwa mbele ya turubai la lori. Safari hii atapima kwanza. Jumatano ya wiki ijayo atakuja na mtaalamu mwenye kipimo. Mashine itakayotoa nguvu zilizoandikwa kwenye kibao chake ndiyo itakayopata kazi.

Nikamwambia apime hata leo. Akasema Jumatano.

Lazima niipate kazi hii. Machi mwaka jana mke wangu, Mapenzi, alinipa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha bila kazi ya maana, mashine iuzwe, nami nirudi Tudor kuuza vyoo dukani kwa kaka yake, Tsofa. Koti langu la kazi bado liko huko, limetundikwa kwenye msumari uleule. La buluu, limedariziwa mfukoni: MSHAURI WA VYOO. Siku ya kwanza nilipolivaa, mwalimu wangu wa darasa la nne aliingia kununua mfuniko. Akanisoma kifuani taratibu, akatikisa kichwa, akaondoka bila mfuniko.

Sirudi. Nimeapa.

Kabla ya kufunga nimeifukiza mashine udi, kama nifanyavyo kila Jumatatu na Alhamisi tangu ilipoingia humu. Nimeongeza vipande viwili. Juzer akisikia habari hizi atanionea kijicho.

Jumanne, 4 Februari

Nimejaribu kukata plaiwudi ya milimita sita, ile ile atakayoileta Mzee. Haikukatika! Mwale umechora mstari mweusi juu ya mbao, basi. Nimerudia mara ya pili. Mara ya tatu. Ya nne imetoboka, kingo zote makaa matupu.

Nimelaumu mbao. Nimebadilisha mbao. Nimelaumu umeme. Jirani anayeshona suti amesema umeme wake hauna neno. Nimelaumu joto la Februari, nikalipepea.

Mapenzi aliporudi kazini aliniuliza mashine inatoa wati ngapi. Nikamwonyesha kibao. Akasema kusoma anajua, anachouliza ni nani aliyepima. Swali gani hilo? Kitu kilichoandikwa hakipimwi! Lakini Mapenzi ni fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari huko Tudor, na maradhi ya kazi ile ni kupima. Nyumbani anapima hata chumvi.

Amenieleza njia. Unaweka kikombe chenye gramu mia mbili za maji chini ya lenzi. Unaupiga mwale kwa dakika moja. Kila digrii moja ya joto itakayoongezeka ni wati kumi na nne. Mashine ya wati themanini itaongeza digrii sita kasorobo. Amesema maji hayana upendeleo.

Tutapima kesho. Nimefukiza, ingawa si siku yake.

Jumatano, 5 Februari

Kipimajoto cha shule hakitoki bila sahihi ya mkuu wa idara, kwa hiyo tumetumia kile cha homa cha nyumbani. Kina tabu moja: hakisomi kitu kilicho baridi kuliko mgonjwa. Ikabidi tuyapashe maji jikoni mpaka digrii thelathini na sita, ndipo tukayapeleka mbio karakanani, Mapenzi amebeba kikombe, mimi nikiwaondoa watu njiani.

Dakika moja ya mwale. Mapenzi akatia kipimajoto. Kikalia. Thelathini na saba nukta nne.

Akasema maji yako salama, hayana homa, kesho yanaweza kwenda shule.

Sikucheka. Digrii moja na nukta nne, mara kumi na nne: wati ishirini kasoro kidogo. Ishirini! Tumerudia mara mbili, maji yaleyale mazima, yasiyo na homa.

Mapenzi alitaka tuifungue mashine tuangalie ndani. Mwale hutoka kwenye mrija wa kioo huko nyuma, hudundishwa na vioo vitatu vidogo, kisha hushuka kupitia lenzi mpaka kwenye mbao. Anasema nguvu zinapotea mahali fulani katika njia hiyo na mtu hawezi kujua ni wapi bila kuangalia. Nimekataa. Mashine niliyoitunza hivi kwa mwaka mzima haiwezi kuwa na kasoro ndani. Kasoro inatoka nje, na mimi najua inatoka mtaa gani.

Kesho nakwenda Ganjoni.

Alhamisi, 6 Februari

Upelelezi. Nimevaa miwani ya jua, kofia ya kuchezea mpira na barakoa iliyobaki tangu enzi za korona. Jina nililojipa: Bwana Morgan, mteja anayetaka saa ya ukutani. Nimepanda tuk-tuk mpaka Ganjoni, nikashuka kona mbili kabla ili nisionekane ninakotoka.

Nimeingia. Juzer akainua kichwa, akasema, “Karibu Faraj. Miwani yakupendeza.”

Akaniagizia chai na biskuti. Nimekunywa, kwa sababu jasusi hakatai chai.

Niliyoyaona. Moja, feni yake ya kutoa hewa haizimwi, inanguruma kutwa kama jenereta. Yangu mimi huizima nikifukiza, udi usije ukapotea bure. Mbili, kila asubuhi huvipangusa vioo vyake vitatu na lenzi kwa pamba na spiriti. Kila asubuhi! Amenieleza hayo bila kuulizwa. Majivuno ya usafi tu. Tatu, amepima mashine yake, amepata wati hamsini na nane, na anataka kukipaka rangi upya kibao ili kisomeke 58. Mtu gani huyu anayejipunguzia mwenyewe?

Na nne, hili ndilo kubwa: karakana yake hainukii kitu. Nimenusa kila kona. Hana udi, hana ubani, hana kinga yoyote. Maskini, anaifanya kazi hii vivi hivi!

Nilipoinuka kuondoka akaniuliza kama kweli yangu ni themanini. Nikasema kweli tupu. Akasema mashallah. Lakini hakuisema papo hapo. Alimeza chai kwanza, ndipo akaisema. Katika ule mmezo mmoja, jicho limeshapita. Nililisikia kabisa likiteremka mgongoni.

Nimerudi mbio, nimefukiza mara mbili.

Ijumaa, 7 Februari

Baada ya swala nimekwenda kununua udi bora, ule wa kufukizia bwana harusi. Muuzaji ameniuliza nani anaoa. Nikamwambia ni jambo la kiufundi.

Mpaka leo nilikuwa nakizungusha chetezo juu ya mashine na kukipitisha kidogo ndani. Kumbe nilikuwa nafanya ubahili. Leo nimelichukua lile tenga la Mapenzi la kufukizia nguo, nikaliingiza ndani ya mashine, chetezo katikati, makaa mekundu, udi wa kutosha. Nikazima feni. Nikafunga mfuniko. Nikaiacha nusu saa. Moshi ulikuwa ukitoka kwenye tundu za skrubu.

Tenga limevunjika wakati wa kulitoa. Mapenzi amekasirika, maana ana harusi ya binamu yake Jumamosi ijayo na sasa hana pa kutandaza buibui lake lifukizwe. Nimemwambia tenga limevunjika lilipoanguka. Sikumwambia limeanguka wapi.

Kisha nimepima. Thelathini na sita, nukta tisa.

Nukta tisa tu! Wati kumi na mbili na ushee! Imeshuka! Nimefukiza udi wote ule na imeshuka! Sasa sina shaka hata chembe. Jicho la Juzer lina nguvu kuliko nilivyodhani. Bila udi wa leo huenda ingekuwa sifuri.

Jumapili, 9 Februari

Nimekaa siku nzima nikifikiri. Mawazo matatu.

La kwanza: kuongeza neno HADI kwenye kibao. HADI WATI 80. Nimemuuliza Mapenzi kwa njia ya mbali, kana kwamba ni kibao cha mtu mwingine. Amesema mtu huyo ni mwongo.

La pili: kumwomba Mzee aahirishe. Haiwezekani. Mtu aliyekagua mizani miaka thelathini akiombwa kuahirisha hulala mlangoni kwako.

La tatu ni zuri mno mpaka nimesimama. Chini ya meza ya kukatia, ambayo ni ya matundumatundu, kuna sinia ya kudondokea vipande. Sinia hiyo huvutwa kama droo. Chetezo kinaingia humo bila kuonekana! Mtaalamu ataweka kikombe chake cha maji juu ya meza, mwale utayapiga kutoka juu, na makaa yatayapasha kutoka chini. Kazi ya watu wawili.

Nimejaribu. Makaa kumi: kipimajoto kimekataa kusoma, kimeandika herufi tu. Makaa saba: vilevile. Makaa manne: arubaini na moja nukta saba. Nimepiga hesabu mara tatu. Wati themanini kamili!

Huu si udanganyifu. Wati zangu zipo, zimezuiliwa tu na jicho la mtu. Mimi nazishikia nafasi mpaka zirudi. Na kwa kuwa makaa yapo pale pale, nimetia na udi juu yake, tiba na dawa kwa pamoja.

Jumanne, 11 Februari

Tsofa amekuja. Hakuja kununua kitu, hakuja kukata kitu. Amesimama mlangoni na kunitazama mabegani, akasema nimenenepa kidogo, koti litahitaji kuachiwa mshono. Akaongeza kwamba kuna choo kipya cha kubonyeza sehemu mbili na wateja wanahitaji kushauriwa.

Mapenzi alikuwepo. Akamwambia kaka yake aliache koti lilivyo. “Faraj mashine yake ameipima mwenyewe,” akamwambia. “Amejua upungufu uko wapi, na sasa airekebisha. Kesho utasikia.”

Nimeona haya. Haya ya kweli. Mke wangu anajua nimeacha kutazama kibao na kuanza kutazama kipimo, na anajivunia. Nimetamani kumwambia habari za makaa manne. Nimefungua mdomo kabisa.

Kisha akaleta mahamri, hali ikapita.

Jumatano, 12 Februari



Saa mbili na nusu niliweka makaa manne na udi kwenye sinia. Saa tatu kamili wakafika. Mzee Badruddin. Juzer, kwa sababu Mzee alitaka kila mmoja ashuhudie kipimo cha mwenzake. Na mtaalamu, Cynthia, msichana mwenye mfuko wa vyombo begani, kazi yake ni kutengeneza mashine za namna hii. Walikuwa wametoka Ganjoni. Juzer amepata hamsini na nane, na kibao chake kilishaandikwa 58. Rangi ilikuwa bado mbichi, alikuwa nayo kidoleni.

Mimi nilikuwa nimeandaa kikombe cha maji juu ya meza ya kukatia, na kitambaa cha kufuma chini yake. Cynthia akakiona. Akasema asante sana, lakini ametoka kunywa chai. Akakiinua, akakiweka dirishani!

Halafu akatoa kipimo chake. Hakuna maji. Ni kisahani cha chuma kizito chenye mpini na saa ndogo yenye mshale. Mwale unakipiga kisahani, kisahani kinapata joto, mshale unasema wati. Cynthia akaeleza kwamba kisahani kimekaa juani ndani ya gari, na hakipimi sawasawa mpaka kipoe. Kwa hiyo akakilaza mahali ili kipoe.

Akakilaza juu ya meza yangu. Juu ya makaa yangu.

Akawa anatugawia miwani ya kinga, mmoja mmoja, akimfungia Mzee yake kwa adabu. Mimi nilikuwa nautazama mshale. Ishirini. Thelathini na tano. Sitini. Nakiri kwamba ulipofika themanini nilifurahi. Mwaka mzima nimeisubiri tarakimu hiyo, na hatimaye imeingia karakanani kwangu. Lakini haikukaa. Tisini. Mia moja na kumi.

Cynthia akageuka, akauona. Akauliza kwa upole kama mashine imewashwa.

Tukatazama swichi sote wanne. Ilikuwa chini.

Nikasema mashine nzuri haingoji kuwashwa.

Mzee akavua miwani aliyovishwa sasa hivi, akaikunja, akaitia mfukoni. Akakunja mikono ya kanzu yake. Akainama, vile vile anavyoinama kwenye tende. “Faraj,” akasema, “hebu ivute hiyo sinia, mwanangu.”

Nikaivuta. Moshi ukatoka wote kwa pamoja.

Mzee akakichungulia chetezo. “Miaka thelathini,” akasema, “nimekuta mawe chini ya mizani. Nimekuta sumaku. Pale Marikiti nilikuta chura, hai. Chetezo sijapata kukikuta.”

Nilitaka ardhi inimeze. Kilichoniuma zaidi ni Juzer. Hakutabasamu. Alinipa mgongo, akajifanya anasoma tarehe kwenye kalenda ya ukutani ili nisitazamwe na watu watatu, nitazamwe na wawili. Kalenda yenyewe ni ya mwaka juzi.

Mzee alikuwa ameshafika mlangoni. Cynthia akamwomba angoje. Akasema yeye amekuja kupima, na bado hajapima. Akakitoa chetezo nje barazani kwa koleo, akafungua madirisha, akawasha feni, akakipoza kisahani kwenye kikombe changu cha maji. Ndipo akafungua mgongo wa mashine.

Akapima mdomoni mwa mrija, kabla ya vioo. Sabini na sita! Nikaruka! Akaniambia nisimame mbali. Akapima baada ya kioo cha kwanza: hamsini na tano. Baada ya cha pili: thelathini na saba. Baada ya cha tatu: ishirini na mbili. Baada ya lenzi, pale mwale unapogusa mbao: tisa.

Wati tisa. Balbu ya chooni kwetu ina kumi na mbili.

Akachukua pamba na spiriti, akakipangusa kioo cha kwanza. Pamba ikatoka na rangi ya chai ya rangi. Akainusa. Akakunja uso, akainusa tena, akampa Mzee. Mzee naye akainusa, macho amefumba.

“Harusi,” akasema.

Cynthia akaniuliza nafukiza mara ngapi. Nikasema Jumatatu na Alhamisi. Tangu lini? Tangu ilipokuja. Na wiki hii? Wiki hii kila siku. Na feni? Naizima. Akakaa chini juu ya ndoo. Akanieleza, polepole, kama mwalimu wa chekechea: moshi wa udi una mafuta, mafuta yananata kwenye vioo, na kioo kilichonata huumeza mwale badala ya kuurudisha. Kila nilipofukuza kijicho, nilikuwa nafukuza wati.

Amepangusa vyote vinne. Amepima tena. Sabini na moja.

Mzee ameandika kwenye kijitabu chake: kibao 80, kipimo 71. Akaondoka bila kuniaga kwa mkono. Kazi imekwenda kwa Juzer.

Mapenzi nimemweleza yote mwenyewe, kabla hajasikia mtaani. Hakupiga kelele. Ameuliza kitu kimoja tu: kama tenga lake lilivunjikia humo ndani ya mashine. Nikasema ndimo. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ningependa angepiga kelele.

Alhamisi, 13 Februari

Sijui niandike vipi. Juzer amekuja.

Nilidhani amekuja kucheka. Amekuja na mfano wa paneli. Anasema Mzee amempa zote thelathini, na kwa wati hamsini na nane hawezi kuzimaliza kabla ya Ramadhani. Amemwomba Mzee ruhusa tugawane, kumi na tano kwake, kumi na tano kwangu. Mzee amekataa. Juzer amerudi tena baada ya adhuhuri. Mzee amekubali, kwa masharti matatu.

Kibao kisomeke 71. Mashine isifukizwe tena, hata ubani, hata kidogo. Na Jumamosi saa tatu asubuhi Juzer ataleta mbao, Cynthia ataleta kipimo, na paneli ya kwanza ikatwe mbele yao. Ikikatika kwa mpito mmoja wa mwale, kumi na tano ni zangu. Isipokatika, zote zinarudi Ganjoni.

Nimeapa kwa masharti yote matatu. Nimeapa mbele ya Mapenzi. Amesema Jumamosi ikipita salama, mashine haiuzwi na Tsofa atafute mshauri mwingine. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu jana, amenitilia chai.

Nimemuuliza Juzer kwa nini amenifanyia wema huu. Amesema mashine yangu ni nzuri na ni dhambi ikae bure. Nikatafuta kijicho machoni mwake. Sikukiona. Kimefichwa kwa ustadi mkubwa.

Ijumaa, 14 Februari

Siku ya kazi na nidhamu! Kibao nimekipaka upya: WATI 71. Kinanidhalilisha lakini kimekauka. Vioo nimevipangusa kwa pamba na spiriti, vyote vitatu, na lenzi. Pamba imetoka nyeupe. Nimepima kwa maji ya digrii thelathini na sita: arubaini na moja nukta moja! Maji yana homa kali! Mapenzi amecheka mpaka amekaa chini.

Nimejaribu plaiwudi. Mpito mmoja, kipande kimeanguka chenyewe. Nimekiokota, nimekibusu.

Sharti la Mzee nimelishika. Chetezo kimetoka karakanani tangu juzi.

Alasiri Tsofa ameniletea koti. Limefuliwa, limepigwa pasi, mshono umeachiwa. Eti niwe nalo karibu, kesho mambo yakienda vibaya nisipoteze siku. Roho mbaya kiasi hicho! Nilitaka kulitupa. Ndipo nikakumbuka Cynthia alisema mashine ifunikwe usiku, vumbi lisiguse vioo. Nimefungua mfuniko, nimelitandaza koti juu ya mdomo wa mashine, limeenea sawasawa, mikono imening'inia pande zote mbili kama limeshonewa hapo. Maneno MSHAURI WA VYOO yamekaa juu ya lenzi.

Lakini nimelitazama, na moyo umekataa. Koti hili limetundikwa mwaka mzima kwenye msumari wa Tsofa. Kila asubuhi amelitazama akiombea nirudi. Limejaa kijicho mpaka kwenye vifungo. Nami nimelilaza juu ya mashine yangu, usiku wa kuamkia siku kama ya kesho!

Nguo ya namna hiyo haivaliwi wala haitumiwi kabla ya kufukizwa. Hilo kila mtu wa Kuze analijua. Tenga la nyumbani limevunjika. Ila sasa koti limetandazwa vizuri kabisa, na chini yake pana nafasi.

Niliapa sitaifukiza mashine, na siifukizi. Nafukiza koti. Nimekwenda kukirudisha chetezo, nimekiingiza chini yake, makaa saba, na ule udi wote uliobaki wa bwana harusi. Feni nimeizima, koti lisipigwe na upepo likaanguka.

Juzer na Cynthia wanafika saa tatu. Koti litakuwa limeshanukia vizuri.